Bawaba ya Pili

Huku Dagoreti Kona bahari haifiki.
Hufika tarakimu zake, kila baada ya dakika sita,
zimepanga foleni kama watoto wa chekechea
walioshikana mikia ya sweta.

Mimi mtu wa Mwingi. Nilikua nikihesabu mitungi.
Maji kwetu yalikuwa kitu cha kufuatwa,
si kitu cha kukufuata wewe
mpaka mvunguni mwa kitanda.

Kanuni ya kwanza niliipenda papo hapo:
kanieneo ya hewa ikipungua hektopaskali moja,
bahari hujiinua sentimita moja,
kama mtu aliyeondolewa mkono begani.
Mengine ni upepo, na mwezi, na umbo la ufuo.
Nikayatia yote kwenye modeli, kila jambo na uzito wake,
nayo ikajibu: najua asilimia themanini na moja.
Ile kumi na tisa tunaiita masalio.
Jina la chakula cha jana.

Lakini daftari lina pengo.
Usiku wa bamvua, mwaka juzi, mwezi wa Mei,
kipimo cha Kipini kinaandika
mita tatu na nukta nne,
tatu na nukta sita,
tatu na nukta nane,
kisha hakuna.
Saa tisa nzima za hakuna.
Maji yaliing'oa nguzo na macho yake.
Nikarudi nyuma miaka kumi na miwili, nikapekua:
kila palipofura sana, pametulia.
Mashine yangu ilisomeshwa na zile bahari
zilizomwacha shahidi hai.

Obuya, wa meza ya dirishani, akasema: jaza wastani.
Wastani! Usiku ule?

Nikampigia Hiribae,
anayelipwa posho ya kukwangua mwani kwenye nguzo.
"Dada, nambari sina.
Ila maji yalifika bawaba ya pili."
Bawaba ipi?
"Ya mlango wa jikoni. Ya chini ilizama, ya pili ikalowa.
Kuku walipanda darini.
Mama hakuwahi."

Kwenye simu nikasikia mtu akitwanga kitu kwa mbali.
Nilipaswa kusema pole.
Nilisema, nadhani nilisema.
Kisha nikauliza kizingiti kina unene gani.

Alipima kwa utepe wa fundi cherehani, akanitumia picha,
kidole gumba chake kikiwa kwenye alama.
Sentimita mia moja thelathini na mbili juu ya sakafu.
Fomu ikataka chanzo, nichague kimoja:
kipimo, setilaiti, makadirio.
Nikaongeza cha nne kwa mkono wangu: mlango.

Modeli ikapoteza adabu baada ya hapo.
Ule mkia wa grafu, uliokuwa umelala chini kama paka,
ukanyanyuka.

Julai, baridi ya kupasua midomo,
mkuu wa zamu amesimama na kikombe, anataka ndiyo au hapana.
Ninayo thelathini na nne katika mia.
"Hiyo si hapana?"
Kwa mwavuli ni hapana, nikamwambia.
Kwa bawaba ni ndiyo.
Alinitazama muda mrefu. Akatia sahihi
pembeni kabisa mwa karatasi,
pale ambapo sahihi huweza kukanwa.

Saa kumi na moja alfajiri, ujumbe wa Hiribae:
*Bawaba ya kwanza, haikuzama yote.
Tulilala shuleni. Watu wananung'unika,
wanasema Nairobi mnaota.*

Nikaandika kosa langu kwenye safu yake,
sentimita sitini na moja, alama ya kutoa mbele.
Nikaenda nyumbani. Alhamisi, siku yetu ya mgao.
Bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza.
Nikakaa jikoni na ndoo tupu katikati ya magoti,
nikiutazama mlango wangu mwenyewe,
bawaba tatu, rangi imebanduka,
nikihesabu moyoni vijiji vilivyobaki
nisivyowahi kuviuliza.